Tumehama, na Maneno ya Mwalimu Tumekuja Nayo

Najua nimekuwa kimya. Wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeolewa kimyakimya au nimefukuzwa kazi. Hapana jamani, vyote bado. Tulikuwa tunahama. Sio chumba changu hapa Sinza, hicho bado nakilipia kodi ya miezi sita sita kama kawaida. Kilichohama ni ule mradi wetu wa kusahihisha tahajia za Kiswahili ambao huwa nauzungumzia hapa mara moja moja.

Kwa wageni, ngoja nieleze kidogo. Ni programu huria, maana yake msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuuchukua, kuubadilisha na kumpa mwenzake. Kazi yenyewe ni ndogo tu. Ukiandika Kiswahili kwenye kompyuta, inakupigia mstari mwekundu chini ya neno lililokosewa. Tuko watu 11, wote wa kujitolea: Dar, Zanzibar, Mombasa, mmoja Bujumbura, na dada mmoja anayeishi Muscat. Wanaojua kuandika programu ni watatu. Sisi wengine ni watu wa maneno. Mimi kazi yangu ni kuchota maneno magazetini na kuyaleta mezani tuyabishanie.

Sasa mradi kama huu unakaa wapi? Kila mmoja ana nakala yake kwenye kompyuta yake, lakini lazima pawepo mahali pa kukutania, penye nakala ambayo wote tunakubali kuwa ndiyo yenyewe. Kuna kampuni na vyama vinavyotoa nafasi hiyo mtandaoni. Mnaweka msimbo wenu, na pembeni mnapewa ukumbi wa kufungulia hoja: neno hili limekosewa, hili halimo, mimi hili nalikataa. Kila hoja inapewa namba yake. Vijana wa kompyuta wao msimbo wanauita "kodi", na mimi kila nikiwasikia wakisema "kodi yetu iko pale" huwa namfikiria mwenye nyumba. Siku hizi naona hawako mbali na ukweli.

Maana mwenye nyumba wetu alituletea barua. Jina lake nalihifadhi, ugomvi wa nini. Barua ilisema nafasi za bure za vikundi zinaondolewa. Anayetaka kubaki atalipa kwa dola, kwa kadi, kwa kila kichwa, kila mwezi. Asiyelipa, nafasi yake itafungwa baada ya siku 60 na vilivyomo vitafutwa. Hakuna aliyetutukana na hakuna mkataba uliovunjwa. Lakini kwa watu 11 wa kujitolea, ambao wanne tu ndio wenye kadi inayokubali malipo ya nje, hiyo ni notisi ya kuhama hata kama haikuandikwa hivyo.

Uandishi wa habari una ugonjwa wake: ukipata shida, unaanza kutafuta nani mwingine imempata. Nikakuta historia nzima ya programu huria imejaa watu waliobeba magodoro kichwani.

Chukua Git yenyewe, hicho chombo ambacho leo karibu kila mwandishi wa programu anakitumia kutunza msimbo na historia yake. Watu wa Linux kuanzia mwaka 2002 walikuwa wakitumia BitKeeper, programu ya kibiashara waliyopewa bure kwa masharti. Mwaka 2005 mwenye mali akaondoa ile bure. Linus Torvalds akakaa chini mwezi Aprili mwaka huo huo, akaandika chombo chake mwenyewe, na baada ya muda mfupi tu kikawa kinabeba Linux nzima. Kwa hiyo Git ilizaliwa kwa sababu ya notisi.

Google nao walifungua Google Code mwaka 2006. Watu wakajazana, nani angedhani Google itashindwa kulipa umeme? Machi 2015 wakatangaza kufunga, na Januari 2016 pakafungwa. Novemba 2013 watu wa GIMP, ile programu ya kuhariri picha, waliacha kuweka nakala zao za Windows pale SourceForge. Walichoka na matangazo yanayojifanya vitufe vya kupakua, na kifungashio kinachomletea mtu programu ambazo hakuziomba. GitHub, iliyoanza mwaka 2008, ilinunuliwa na Microsoft katika mpango uliotangazwa Juni 2018, kwa hisa za thamani ya dola bilioni 7.5. Kisha Julai 2019 watumiaji wa Iran, Syria na Crimea wakakuta huduma zao zimebanwa kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Wairani walirudishiwa huduma kamili Januari 2021, baada ya GitHub kupata kibali cha serikali ya Marekani. Kosa lao lilikuwa mahali wanapoishi.

Sisemi wote hao ni wabaya. Mwenye nyumba mwema naye anakufa, anauza, anafilisika, au serikali yake inampa amri. Swali ni moja tu: siku hiyo ikifika, wewe unatoka na nini mkononi?

Basi tukakaa kikao cha mtandaoni, nacho kikawa kirefu, si mnatujua. Hoja ilikuwa twende wapi. Kaka yetu mmoja wa Mombasa, kijana kabisa, anatafuta kazi, akasema twende GitHub. Akasema wazi: "Mwajiri akitaka kunijua anaangalia ukurasa wangu pale. Nikifanya kazi mahali pengine, ni kama sikufanya." Akaongeza kwamba Januari 2023 wenyewe walitangaza kufikisha wasanifu programu milioni 100. Mgeni anayetafuta programu ya Kiswahili atatafuta huko kwanza. Sikuwa na la kumjibu. Kwa mtu asiye na ajira, kuonekana ni chakula.

Dada wa Muscat yeye alitaka Codeberg. Hiyo inaendeshwa na chama kisicho cha faida kilichoanzishwa Berlin mwaka 2018, kinachoishi kwa michango ya wanachama na wafadhili wadogo wadogo. "Tunatoka kwa mwenye nyumba mmoja tunaingia kwa mwingine mwenye ghorofa refu zaidi," alisema, "halafu tutashangaa tena?" Kilichonishawishi mimi ni jambo jingine alilolitaja. Programu inayoiendesha Codeberg, inaitwa Forgejo, nayo ni huria. Chama kikivunjika kesho, tunaweza kuichukua programu ile ile, tukaiweka kwenye kompyuta yetu, na maisha yakaendelea.

Mwenzetu mmoja akauliza swali la kiutu uzima: "Chama cha kujitolea? Seva ikizimika saa nane usiku utampigia nani?" Akajibiwa, "Kwani yule wa sasa ukimpigia anapokea?" Watu wakacheka, kura zikapigwa. Saba kwa nne. Nyumba iwe Codeberg, na GitHub tuweke nakala ya kuonyesha tu, yenye kibao kinachowaelekeza watu nyumbani. Yule kijana wa Mombasa atabaki na kitu cha kumwonyesha mwajiri. Sio suluhisho safi lakini tunaishi nalo.

Siku ya kuhama ikafika, Jumamosi jioni. Kaka mkubwa wa mradi akatuambia tuangalie. Amri ya kwanza ilichota kila kitu kutoka nyumba ya zamani, ya pili ikasukuma kila kitu nyumba mpya. Dakika nne, kwa bando la simu.

Mimi nisiye mtaalamu nilitaka kujua atajuaje kama hakuna kilichodondoka njiani. Akanionyesha kitu kizuri sana. Ndani ya Git kila badiliko lina jina lake, mlolongo wa herufi na tarakimu 40. Jina hilo halitungwi na mtu, linakokotolewa kutoka kwenye badiliko lenyewe pamoja na jina la badiliko lililolitangulia. Ukigusa koma moja ya miaka sita iliyopita, majina yote yaliyofuata yanabadilika. Kwa hiyo unalinganisha jina la mwisho la kule na la huku tu. Yalikuwa sawasawa. Historia yetu yote ilikuwa imefika, na jina la kila aliyechangia likiwa pale pale alipoliacha.

Ndipo dada wa Muscat akauliza, "Na hoja?"

Kimya. Maana hoja hazimo ndani ya Git. Ule ukumbi wa mabishano ni wa mwenye nyumba. Unakaa kwenye hifadhidata yake, sio kwenye kompyuta zetu. Na hapa ndipo hata wakubwa wanapohangaika. Lugha ya Python, yenye watu na uwezo wa kutosha, ilihamishia msimbo wake GitHub Februari 2017. Hoja zake zikahamia Aprili 2022. Miaka mitano! Katikati msimbo unakaa huku, mazungumzo kule. Watu wa lugha ya Zig nao, walipotangaza Novemba 2025 kwamba wanatoka GitHub kwenda Codeberg, waliamua hoja za zamani zibaki kule kule. Hoja mpya wakaanza kuzihesabu kutoka 30000, ili mtu akitaja namba usiulize ni ya nyumba ipi. Ni uamuzi wa busara kwao.

Kwetu haukuwezekana, na sababu ni Mwalimu.

Sio yule wa Butiama. Huyu ni mwalimu mstaafu wa Tanga aliyefundisha Kiswahili maisha yake yote, aliyetukuta mtandaoni mwenyewe na kuanza kutusahihisha. Msimbo hakuujua na hakutaka kuujua. Alikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka. Kwa kuwa kuchapa kwenye simu kulimchosha macho, alikuwa anaandika kwa kalamu kwenye daftari, anapiga picha ukurasa, anaiweka kwenye hoja. Mwandiko wa walimu wa zamani, mnaujua, herufi zimelala upande mmoja kama zinaswali. Tukimwandikia lazima tuanze na shikamoo, ukisahau anakujibu "marahaba" ili ujue ulichosahau.

Mwalimu alifariki mwaka juzi. Sehemu kubwa ya sababu za orodha yetu ya maneno ilikuwa kwenye zile picha.

Nitoe mfano. Programu yetu inapiga mstari chini ya "baadae". Vijana wengi wanatulalamikia, maana nusu ya nchi inaandika hivyo. Kwenye orodha utakuta "baadaye" tu, basi. Kwa nini? Jibu lipo hoja namba 87, kurasa mbili za daftari. Mwalimu anaeleza kwamba ile "-ye" ya mwisho ni ya umiliki uliofupishwa, ndugu yake "nduguye", kwa hiyo ukila ile "y" umekula kiungo cha neno. Lakini hoja namba 112 alikuwa mpole kabisa. Kulikuwa na ubishi kama tukubali "ninyi" peke yake au na "nyinyi" pia. Akaandika kwamba yeye darasani alifundisha moja, lakini nyingine ameisikia kwa watu wazima wanaojua lugha kuliko yeye, kwa hiyo tukubali zote mbili. Akamalizia: "Kisahihishi si askari wa usalama barabarani."

Mnaona ninachokisema? Orodha bila sababu ni amri tu. Kazini kwetu nimeyaona sana haya. Mhariri anakufutia neno, unauliza kwa nini, anakwambia "ndivyo tunavyoandika hapa". Nani alianza, kwa hoja gani, hakuna anayekumbuka. Aliyekumbuka kastaafu, na karatasi zake zilikwenda kufungia maandazi. Sikutaka Mwalimu naye afungie maandazi.

Codeberg ina kifaa cha kuhamishia hoja. Kinasoma nyumba ya zamani na kuzijenga upya nyumba mpya, na ukianza na mahali patupu kinaweza kuzibakiza na namba zao zile zile. Hilo kwetu ni kubwa, maana maelezo ya mabadiliko yetu yamejaa maneno kama "tazama hoja 87". Maandishi yalikuja yote, na juu ya kila maoni likaja jina la aliyeandika, pamoja na kidokezo kwamba yameletwa kutoka kwingine. Jina halikupeleki kwenye akaunti yoyote, maana Mwalimu hana akaunti huku na hataifungua. Limesimama peke yake.

Ila picha hazikuja. Yaani zilionekana, lakini dada wa Muscat alipozichunguza akakuta ni viungo tu vinavyoelekea kwenye seva ya zamani. Siku ya 60 ikifika, kila ukurasa wa daftari utageuka kisanduku cheupe. Tulikuwa siku ya 37.

Kwanza tukampigia binti yake. Nisingeweza kuchapa maneno ya marehemu na kuyaweka hadharani upya bila familia kujua, hata kama yalikuwa hadharani tayari. Nikamweleza kwa kadiri nilivyoweza, hoja, seva, kuhama. Akanisikiliza, halafu akacheka kidogo. "Kumbe ndicho alichokuwa anafanya? Sisi usiku tulikuwa tunamwona na daftari na simu, tukawa tunamnong'ona kwamba mzee amepata mtu." Akasema tuchapeni, na jina la baba yake tuliache palepale.

Tukapakua picha zote, zilikuwa 143. Wenzangu wanne tukagawana. Mimi nilichukua 50, kwa sababu nimeshazoea miandiko mibaya ya maofisa wa serikali, na huu wa Mwalimu ulikuwa anasa. Wiki tatu, kila usiku nikitoka kazini. Ndiyo sababu hamkuniona hapa.

Kuchapa mwandiko wa mtu ni tofauti na kuusoma. Unalazimika kwenda mwendo wake. Niligundua alikuwa akikosea anakata kwa mstari mmoja mwembamba ili kosa lisomeke. Na kuna hoja alizoshindwa. Alipinga sana tusiingize "kishikwambi", akaandika kurasa tatu, tukampigia kura akaanguka. Chini ya ukurasa wa mwisho aliandika, "Nimesikia. Wekeni." Tulibishana kama na hizo tuzichape. Nikasema hizo ndizo za kwanza.

Mambo tuliyoyafanya tofauti safari hii ni mawili. La kwanza, ndani ya ghala letu la msimbo kuna folda mpya inaitwa "sababu". Kila hoja ikiisha, aliyeifunga anaandika aya moja au mbili: tumeamua nini, nani alisema nini, kwa nini. Ni maandishi ya kawaida, yako ndani ya Git, kwa hiyo yana majina yao ya herufi 40 na kila mmoja wetu anayo nakala kamili kwenye kompyuta yake. Kurasa za Mwalimu zote ziko humo, maandishi na picha. Siku nyingine tukipewa notisi, zitapanda gari la kwanza pamoja na msimbo, dakika zile zile nne.

La pili, tumepeleka anwani ya ghala letu Software Heritage. Ni hifadhi iliyozinduliwa mwaka 2016 na taasisi ya Inria ya Ufaransa, inayokusanya msimbo ulio wazi duniani pamoja na historia yake. Unawapa anwani, wanakuja kuchukua nakala. Bure. Kama una mradi wowote wa wazi, hata wa shule, fanya hivyo leo kabla hujala.

Siku ya 60 usiku nilifungua hoja 87 kule nyumba ya zamani. Bado ilikuwapo. Asubuhi nikajaribu tena, ikaniambia ukurasa haupo. Nikafungua kule kupya, nikasoma kuhusu "-ye" tangu mwanzo hadi mwisho, nikaenda kazini.

Haya, sasa kazi kwenu. Tuna hoja 31 zilizo wazi zinazosubiri watu wa maneno, sio watu wa kompyuta. Kuna mmoja wa Zanzibar anataka tukubali maneno 40 ya uvuvi ambayo sisi wa bara hatujawahi kuyasikia, na hatuna wa kutuhakikishia. Kama babu yako alikuwa mvuvi, au wewe mwenyewe umekulia pwani, ingia. Huhitaji kujua kuandika programu, simu inatosha. Hata ukipiga picha ya daftari tutapokea, na safari hii tutaichapa siku hiyo hiyo.

Ila anza na shikamoo, kule kuna wazee.

Nawasilisha.